Nilipasuliwa bila kuelezwa kitu, mimba hii nataka nipange na wahudumu mapema, nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo shangazi. Mi nipo mkoa wa Kigoma, wilaya ya Uvinza, huku vijiji vya ziwani kusini ambako kufika mjini ni boti tu. Nina miaka 26, nna mtoto mmoja wa miaka mitatu na sasa hivi nna mimba ya miezi saba, nesi kanipigia hesabu kasema tarehe ya matazamio ni mwishoni mwa mwezi wa saba.

Shida yangu ipo ivi. Mtoto wa kwanza nilienda kujifungulia kwa mama yangu, mkoa mwingine, akanipeleka hospitali moja sitaitaja jina. Niliingia leba jioni, mama akaambiwa akae nje, nikalala mule usiku kucha peke yangu. Kila anaekuja ananipima njia, haniambii kitu, anaandika anaondoka. Nikauliza dada imefika ngapi, nikajibiwa wewe subiri hayakuhusu. Uchungu ulivyozidi nikapiga kelele nikachapwa kofi la paja. Kulivyokucha wakaja wawili wakasema saini hapa unaenda thieta, nikasaini bila kusoma nikijua mwanangu ndo anakufa. Mtoto alitoka mzima namshukuru Mungu, ila mpaka leo hakuna mtu aliewahi kuniambia nilipasuliwa kwanini. Karatasi za kutokea wodini ziliingia maji kwenye boti wakati narudi kwa mume wangu, imebaki kadi ya kliniki tu.

Sasa mama mkwe anasema nilipasuliwa sababu ya uvivu wa kusukuma, mabinti wa siku hizi hatuna nguvu. Hapa kijijini kuna bibi anazalisha, ana dawa ya kuleta uchungu haraka, na mama mkwe anasema amezaa watoto wake wote kwa huyo bibi na mama yake bibi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, hana neno baya, ila kila nikigusia mjini anasema tutakaa kwa nani tutakula nini. Nesi wa zahanati yeye alichosema ni we una kovu hapa huzai utaenda mjini, basi. Nikamuuliza nikienda mjini nitazaa kawaida au napasuliwa tena, akasema watajua huko huko.

Shangazi naogopa kupasuliwa, naogopa kufa, lakini zaidi naogopa kulala tena mule ndani sijui nafanywa nini. Nimesikia mama anaweza kukaa na wahudumu kabla ya siku wakapangilia atajifungulia wapi, vipi, nani awe nae. Ivi kwa mtu wa kijijini kama mimi inawezekana? Nikiwaambia nataka ivi na ivi si wataniona najifanya najua? Nna mama mdogo anaishi Gungu, hapo Kigoma mjini. Naomba ushauri wako.

Mama Mmoja, Uvinza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kwanza lile kofi na kusainishwa bila kuelezwa ni makosa yao, sio yako, na wala usije ukaona ndo hali ya leba ilivyo. Pili hili la uvivu wa kusukuma litoe kichwani leo hii. Kusukuma kunakuja mwisho kabisa, njia ikishafunguka yote sentimita 10, na wewe kwa unavyosimulia hukuwahi hata kuambiwa sukuma. Kwaiyo kama hukufika huko utakuaje ulizembea? Mtu hapelekwi thieta kwa uvivu, anapelekwa kwasababu kuna kitu wameona, na hicho kitu ndo ulinyimwa haki ya kukijua.

Kuhusu kupanga, inawezekana, na wewe mwenye kovu unahitaji kupanga kuliko mwanamke yeyote hapo kijijini kwenu. Wala sio kujifanya unajua. Nesi wa kliniki kazi yake mojawapo ni kukaa na mjamzito wapange pamoja utajifungulia wapi, utafikaje, hela ipo wapi, nani atakusindikiza, nani atatoa damu ikihitajika. Hiyo ipo kwenye mafunzo yao. Ni vile foleni inakua ndefu na nesi ni mmoja, anaishia kupima presha na kukupa vidonge vya damu. Ukimuuliza hujamkosea, umemkumbusha kazi yake.

Ila mwanangu usianze na nataka ivi nataka vile. Anza na swali moja, NILIPASULIWA KWANINI, maana majibu mengine yote yanategemea hilo.

Nikueleze kwanini nang'ang'ania hapo. Kuna sababu za kupasuliwa ambazo zilikua za mimba ile tu na huenda hazijirudii. Mtoto alikaa vibaya, labda alitanguliza makalio. Mapigo ya moyo ya mtoto yalibadilika akaonekana anachoka. Presha ilipanda. Mwanamke wa namna hiyo mimba inayofuata mtoto akikaa vizuri mara nyingi anaweza kujaribu kawaida. Halafu kuna sababu nyingine, mfano uchungu ulikua mkali kabisa masaa mengi na njia ikagoma, wakaandika nyonga ndogo, kwenye kadi utakuta herufi CPD. Hiyo nayo haimaanishi moja kwa moja kwamba utapasuliwa maisha yako yote, mtoto anaweza kuwa alilaza kichwa vibaya siku ile, ila daktari atakua mwangalifu zaidi na uwezekano wa kufanikiwa kawaida unapungua. Na kuna cha tatu ambacho wengi hawakijui. Kovu unaloliona kwenye ngozi sio lazima lifanane na kovu la ndani kwenye kizazi. Nje unaweza kuwa na mchano wa kulala chini ya tumbo, ndani wakawa walichana wima, na kizazi kilichochanwa wima hakiruhusiwi kujaribu uchungu kabisa, hatari ya kuchanika ni kubwa. Hayo yote yameandikwa kwenye faili lako la ile hospitali, sio kwenye ngozi yako.

Sasa faili utalipataje na upo Uvinza. Mama yako si bado yupo kule? Chukua ile kadi ya kliniki ya mimba ya kwanza, kwanza isome yenyewe kila ukurasa, mara nyingine sehemu ya kujifungua wameandika C/S, yaani kupasuliwa, na sababu pembeni kwa mwandiko mbaya, mpelekee nesi wa zahanati akusomee. Kama hakuna kitu, ipige picha ukurasa wenye jina lako na namba, mtumie mama kwenye simu, na uandike kibarua kifupi ukisaini kwamba mimi fulani niliejifungua hapo tarehe fulani kwa oparesheni naomba maelezo ya sababu na aina ya mchano, nayahitaji kwa ajili ya mimba niliyonayo. Mama aende nacho masjala asubuhi, aombe kwa upole, akiambiwa faili halionekani aombe waangalie kitabu cha thieta, kila oparesheni inaandikwa mule. Wakikataa kumpa karatasi mkononi aombe daktari wa wodi ya wazazi aongee na daktari wako wa Kigoma kwa simu. Sisemi itakua rahisi. Lakini una wiki za kutosha kulifuatilia hili sasa, ukisubiri mpaka uchungu uanze hutakua nazo.

Na ikishindikana kabisa bado hujakwama. Utamwambia daktari kile unachokikumbuka, uliingia leba saa ngapi, chupa ilipasuka au walipasua wao, uliwekewa dripu ya uchungu au la, mtoto alikua na kilo ngapi, alilia hapo hapo au alipelekwa pembeni. Vitu hivyo vinamsaidia sana. Kaa chini andika leo kabla hujasahau zaidi.

Haya, tuje kwenye swali ulilomuuliza nesi, kawaida au kupasuliwa. Njia zote mbili zipo kwa mwanamke mwenye kovu moja na zote zina uzito wake, nitakuambia kama ningekua nimekaa na wewe kwenye mkeka.

Kujaribu kawaida, kwenye hospitali zenye vifaa wanawake 72 mpaka 75 kati ya 100 wanaojaribu wakiwa na kovu moja la kulala wanafanikiwa. Unapona haraka, unabeba ndoo yako mapema, na mimba zijazo zinakua salama zaidi maana kila oparesheni inayoongezeka inaongeza hatari ya kondo la nyuma kujishika kwenye kovu. Ubaya wake ni kwamba kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Haitokei kwa wengi, ni kama mmoja kati ya 200, lakini ikitokea ni dakika, mama anavuja damu kwa ndani na mtoto anakosa hewa, anaeokoa ni mtu mwenye thieta ya wazi na damu kwenye friji. Ndo maana nesi wako alikua sahihi kukuambia hapa huzai, alichokosea ni kutokukueleza kwanini.

Kupasuliwa kwa kupangwa, wanakupa tarehe, kwa kawaida kwenye wiki ya 39 kama hakuna tatizo jingine, unaingia umetulia umeshakubali, sio kama mara ile. Ubaya ni kidonda, damu nyingi zaidi, kupona taratibu, na hayo ya mimba za mbele. Kama unataka watoto wengi mwambie daktari hilo waziwazi, lina uzito kwenye maamuzi.

Wewe mtoto wako ana miaka mitatu, hilo ni jambo zuri, kovu limepata muda. Wanaobeba mimba haraka mno baada ya kupasuliwa ndo tunawahofia zaidi. Kwaiyo ukienda kumuona daktari uliza haya, kovu langu linaruhusu, mtoto amekaaje, ana ukubwa gani, na utrasaundi inaonyesha kondo la nyuma limekaa wapi. Hilo la mwisho usiliache, mwenye kovu kondo likikaa chini juu ya kovu ni habari nyingine kabisa, hapo hakuna mjadala wa kawaida. Na kuanzia sasa mpaka siku yenyewe ukiona damu inatoka hata kidogo bila maumivu usisubiri kesho.

Mahali. Kwa kovu lako usikubali sehemu isiyo na upasuaji masaa 24. Kigoma mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, muombe nesi wa zahanati akuandikie barua ya rufaa sasa hivi, sio siku ya uchungu, uende kliniki pale mwezi huu huu wa tano au mwanzoni mwa wa sita wakuone, wakufungulie, wakuangalie na maamuzi yaandikwe kwenye kadi kwa kalamu. Safari ya pili ndo ya kuhamia. Na hapa naomba unisikilize vizuri, mwezi wa saba ni kusi, ule upepo wa kusini. Wewe unaishi ziwani unajua kusi likiamka Tanganyika inakuaje, boti zinakaa siku mbili tatu hazitoki, na hata likitoka ni masaa na masaa ya mawimbi, mwanamke mwenye kovu uchungu umemuanza katikati ya maji hapo hakuna nesi wala 115. Kwaiyo Sabasaba ikukute Gungu kwa mama mdogo, umeshapanga nguo zako. Wiki tatu kabla ya matazamio. Watakuambia unawahi sana, waache waseme.

Nimetaja 115, ngoja nielezee. Hiyo ni namba ya m-mama, ya bure, ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Unapiga au nesi anapiga, wanatafuta ambulansi, na kama haipo karibu wanamtumia dereva aliesajiliwa na analipwa na mfumo, sio wewe. Iweke kwenye simu yako, ya mume wako, ya mama mdogo na hata ya mama mkwe. Na ukienda kliniki wiki hii muulize nesi swali hili hili, huku kwetu kwenye maji ikitokea dharura usiku mnatumia boti la nani na mafuta nani anatoa. Kama hana jibu mwenyekiti wa kijiji ahusishwe, sio kwa ajili yako peke yako, hapo kijijini mpo wajawazito wengi.

Hela. Mumeo sio mbaya, ana wasiwasi wa mtu anaelisha nyumba, kwaiyo usimpelekee hofu mpelekee hesabu. Wavuvi wa dagaa hela inaingia kwenye giza, mbalamwezi wanakaa nchi kavu. Kabla ya Sabasaba kuna giza kama mbili hivi, kaeni mkubaliane kila giza kinatoka kiasi gani kinaenda kwa mama mdogo au kwenye simu yako na hakiguswi, hata kama ni kidogo. Pelekeni na chakula, debe la unga wa muhogo na dagaa wenu wakavu na chupa ya mawese ukifika nayo kwa mama mdogo hujawa mzigo. Huduma za mjamzito hospitali za serikali kisera ni bure, ila sote tunajua mama anaambiwa aje na vifaa, mpira wa kutandika, gloves, pamba, nyembe, kibanio cha kitovu, sindano, beseni, khanga na vitenge vya kutosha. Uliza Maweni wakupe orodha yao siku ile ya kwanza ununue kidogo kidogo, na ufunge vyote kwenye nailoni mbili pamoja na kadi zako zote mbili za kliniki, zisije zikaloana tena. Ile safari ya kwanza ya kuonana na daktari iwekeni kwenye mbalamwezi ili mumeo akusindikize. Akisikia mwenyewe kwa masikio yake hutahitaji kumuelezea.

Halafu damu. Ongea na watu wawili wazima wenye afya, wa mjini au wanaoweza kufika mjini, wakuahidi watachangia. Na ujue grupu lako, kama kwenye kadi pamebaki wazi ulizia.

Mama mkwe sasa. Huyu usigombane nae, na usimuite mshamba, alizaa kwa yule bibi akapona na watoto wake wapo, kwake hiyo ndo ushahidi. Lakini yeye hakuwahi kuwa na kovu. Ile dawa ya kuleta uchungu haraka inabana kizazi kwa nguvu bila kipimo, hakuna anaejua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani, na kizazi chenye kovu kikibanwa namna hiyo kinachanika. Hata hospitali wenyewe vidonge vya misoprostol vya kuanzishia uchungu hawatakiwi kumpa mwanamke mwenye kovu mimba ikiwa imekomaa, wana vipimo na thieta na bado wanaogopa, sembuse dawa ya kwenye kikombe. Hili halina maelewano mwanangu, usinywe, hata kidogo, hata wakisema ni ya kuongeza maji ya mtoto. Nenda nae kliniki. Mwambie mama naomba unisindikize nasikia kizunguzungu, mkifika umuombe nesi amueleze yeye kuhusu kovu, mama mkwe akielezwa na mtu mwenye gauni jeupe na akaheshimiwa ataliongea tofauti nyumbani. Na mpe kazi, mtoto wako mkubwa abaki kwake, maji ya kuoga ukirudi awe yeye, hataona umemtupa. Mumeo ndo aseme neno la mwisho kwa mama yake, sio wewe.

Tuje kwenye kile unachokiogopa zaidi, kulala mule ndani peke yako.

Shirika la Afya Duniani limeweka wazi kwenye mwongozo wake wa 2018 kwamba kila mwanamke awe na mtu wa kuwa nae wakati wa uchungu, mtu aliemchagua mwenyewe. Na hili sio la Ulaya tu. Kigoma hii hii kuanzia 2016 baadhi ya hospitali na vituo vya afya vilijaribu utaratibu wa mama kuwa na msindikizaji ndani ya leba na ukafanya kazi vizuri, kwaiyo ukiomba hauombi kitu cha ajabu ambacho mkunga wa Kigoma hajawahi kukisikia. Siku ile ya kliniki uliza, mnaruhusu msindikizaji leba, awe mwanamke? Vyumba vyetu vingi kitanda na kitanda, pazia hakuna, ndo maana mwanaume mara nyingi wanamkatalia kwa kulinda wengine. Mama mdogo anafaa. Mpeleke na yeye akaonekane. Kazi yake mule sio kuongea sana, ni kukusugua mgongo, kukupa maji, kukuinua utembee, na kumuita nesi ukishindwa kuita.

Ukishaongea na daktari chukua karatasi ya daftari uandike nusu ukurasa tu, kwa mwandiko unaosomeka, uibane ndani ya kadi. Kitu kama hiki:

"Naitwa fulani, mimba ya pili, nna kovu la oparesheni moja, sababu ilikua hii. Grupu la damu ni hili. Daktari wa kliniki alikubali nijaribu kawaida, au alipanga nipasuliwe tarehe hii. Mara ya kwanza sikuelezwa kitu na niliogopa sana, naomba mniambie kabla hamjanipima na mkimaliza mniambie nimefika sentimita ngapi. Naomba mama mdogo akae na mimi. Ikibidi thieta nakubali, naomba mniambie sababu. Mtoto akitoka salama naomba niwekewe kifuani. Namba ya mume wangu ni hii."

Hiyo inatosha. Ukiandika kurasa tatu hakuna atakaesoma saa tisa usiku. Na ukiingia mpe mkunga wa zamu kwa mkono wako ukimsalimia vizuri, zamu ikibadilika mama mdogo ampe anaefuata. Wakunga wengi mwanangu wanapenda kazi yao, wamechoka tu, wapo wawili na wanawake kumi. Ukimwambia dada mara ya kwanza niliumizwa nisaidie safari hii nielewe, mara nyingi moyo wake unafunguka. Akitokea wa kukufokea au kunyanyua mkono, mama mdogo amuombe muuguzi kiongozi wa wodi, hapo hapo, kwa adabu lakini asinyamaze.

Ujue pia mambo gani ni ya kawaida ili usiogope bure na gani sio. Njia inapimwa kama kila masaa manne uchungu ukishakolea, sio kila anaepita aingize mkono. Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unasema uchungu umekolea kuanzia sentimita 5, kabla ya hapo inaweza kwenda taratibu hata siku nzima na hakuna kilichoharibika. Mapigo ya mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 mpaka 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5, ukiona muda mrefu umepita hakuna aliesikiliza mama mdogo aulize. Tembea, lala ubavu wa kushoto, piga magoti, usikubali kulala chali masaa yote. Kuhusu kula na kunywa uliza kabla, kwa mwenye kovu baadhi ya madaktari wanataka chakula kisizidi kwasababu thieta inaweza kuitwa wakati wowote. Kuongezewa njia kwa wembe sio lazima kwa kila mtu, wakitaka kufanya wakuambie kwanini na wakuchome ganzi. Na sindano ya paja mtoto akishatoka hiyo ikubali mara moja, ni ya kuzuia damu kumwagika.

Kisichokua cha kawaida, na hapa mama mdogo asikilize pia. Uchungu unakuja na kuachia, ukiona maumivu hayaachii kabisa hasa pale kwenye kovu, au uchungu uliokua mkali umekatika ghafla, au damu inatoka, au unaona giza na jasho la baridi, piga kelele, hakuna kuona aibu. Nyumbani Gungu nako, chupa ikipasuka hata kama huna uchungu, uchungu wowote unaojirudia, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana na macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, homa, unaenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye kovu hakai nyumbani kusubiri uchungu ukolee kama wanavyofanya wengine.

Na kama itaishia thieta tena, nakuomba usijione umeshindwa. Kwa sindano ya mgongo utakua macho, utamsikia analia, unaweza kuomba umuone na wakuwekee kifuani na kumnyonyesha ndani ya saa la kwanza kama wote mko salama. Tofauti na mara ile utakua umeingia unajua unaingia kwanini. Na kabla hujatoka wodini muombe daktari aandike kwenye kadi sababu na aina ya mchano, uipige picha, umtumie mama, mumeo na mama mdogo, ibaki kwenye simu tatu.

Kliniki yako ya zahanati nenda wiki hii usisubiri tarehe iliyoandikwa, umuombe nesi ile barua ya rufaa, na leo hii hii mpigie mama yako kuhusu faili.